Mume wangu amejaza uani vyuma vya jeshi, na baba yake hataki kuviona

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Buswelu, hapa Mwanza. Nina watoto wawili na nafanya biashara ya dagaa. Mzigo nauchukua Mwaloni Kirumba na kuupeleka Kahama. Mume wangu ni mwalimu wa historia sekondari. Si mlevi, si mtu wa wanawake, nyumbani analala. Shida yangu ni vyuma.

Alianza na madumu ya chuma ya mafuta, yale ya jeshi la zamani. Ikafuata kofia ya chuma, redio isiyosema, saa za dashibodi, turubai, na mengine ambayo hata majina yake siyajui. Mwaka jana ikaja Land Rover yenyewe, ile ndefu ya 109, imebebwa juu ya lori kutoka upande wa Geita. Injini haiwaki, vioo havipo. Aliyemuuzia alimwambia ilikuwa ya jeshi na ilifika Kampala mwaka 1979. Tangu siku hiyo mume wangu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Akirudi kazini anavaa koti la kombati alilolipata kwenye mitumba, anaingia chini ya gari mpaka giza. Ameshachongesha na kibao cha namba chenye herufi JW. Anasema ndivyo ilivyokuwa na ndivyo itakavyorudi.

Sasa anataka tukivunja kikoba mwezi wa kumi na mbili nimpe fungu langu akachomelee chasisi, wakati Januari mtoto anaingia kidato cha kwanza. Kaka yangu anasema iuzwe kwa watu wa chuma chakavu, bei ni nzuri. Fundi anasema injini itupwe, iwekwe ya Toyota.

Lililoniuma zaidi ni hili. Baba mkwe alikuja kutoka Magu kwa ajili ya kliniki ya macho pale Bugando. Yeye alipigana vita ya Kagera. Mume wangu alikuwa na hamu amwoneshe, maana ndoto yake ni gari liishe kabla ya tarehe 25 Julai ampandishe mzee siku ya Mashujaa. Mzee alipoingia uani akaiona, akasimama. Hakuuliza kitu. Chakula hakugusa, akasema atalala kwa binti yake Igoma. Hajarudi kwetu tena. Mume wangu anasema mzee alichoka na safari. Mimi naona kuna jambo, lakini mkwe nitauliza nini?

Halafu stoo kuna kisanduku. Ndani mna vitu vya rangi ya shaba, vingine vina ncha, na kimoja cha mviringo kimeshika kutu. Mume wangu anasema vilishatumika. Juzi nimemkuta mdogo wetu wa miaka sita anachezea kimoja.

Niuze vyote akiwa kazini, au nivumilie?

Mama Dagaa, Buswelu

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya pesa na kabla ya baba mkwe, kuna kisanduku. Hilo ni la leo.

Usikiguse tena, usikisogeze, na usije ukakipakia kwenye bodaboda kukipeleka kituoni. Funga stoo, watoto waende kwa jirani, mumeo arudi nyumbani. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, amweleze mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi waitwe kwa 112 waje na wataalamu wao. Ganda la risasi iliyotumika liko wazi mdomoni na kitako chake kina kidonda cha kugongwa. Yenye ncha bado ina kichwa chake, kwa hiyo ichukuliwe kuwa nzima. Ila kilichoninyima usingizi ni hicho cha mviringo. Watu hudhani kitu kikishika kutu kimekufa. Kutu inakula pini na springi zinazozuia kisilipuke, baruti iliyo ndani inabaki. Novemba 2017 kule Ngara wanafunzi wa shule ya msingi waliuawa na bomu ambalo mwenzao aliliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Wa kwako ana miaka sita.

Najua utaogopa mumeo asije akafungwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu raia kukaa na risasi bila leseni, na siwezi kukwambia kesho kituoni watasema nini. Lakini anayejitokeza mwenyewe na kueleza alikovipata hayuko sawa na anayekutwa navyo, sembuse anayekutwa navyo baada ya mtoto kuumia. Kama mna mwanasheria katika ukoo, apigiwe simu asubuhi hiyohiyo.

Koti la kombati na kibao cha JW viondoke pamoja na hicho kisanduku. JW ni namba za magari ya Jeshi la Wananchi, na jeshi hilo liko kazini. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia wote wenye sare zake, au nguo zinazofanana nazo, wazisalimishe. Mumeo anapenda historia, nami nampenda kwa hilo, lakini koti halimfundishi kitu ambacho gari lenyewe halimfundishi, na siku atakayosimamishwa barabarani nalo hakuna atakayemsikiliza habari za makumbusho.

Sasa nitakuudhi kidogo. Land Rover usiiuze. Wala usiiuze kwa siri, maana hapo utakuwa umeuza na ndoa.

Kaka yako anaona kilo za chuma. Mimi naona kitu kinachopotea huku tunatazama. Mabwana shamba wa pamba walipita Usukumani kwa magari haya, wamisionari wakafika nayo vijijini, polisi na jeshi pia. Leo utazunguka kutoka Nyakato mpaka Lamadi na usione hata moja linalotembea. Mengi yamekatwa vipande, yakaenda kuyeyushwa yawe nondo. Makumbusho ya Taifa kule Dar es Salaam yametunza magari ya viongozi, na ni vizuri, ila gari la kazi ya kila siku halina mtunzaji. Mtu akitoa jioni zake kulirudisha moja barabarani, anatufanyia kazi ambayo hakuna anayemlipa. Nakuomba umtazame hivyo, hata ukiwa na hasira naye.

Lakini penzi halimzuii mtu kuuliza maswali, na mwalimu wa historia anapaswa kuuliza kuliko wote. Alijuaje kwamba gari lilifika Kampala? Kwa maneno ya muuzaji. Kila muuzaji wa Land Rover kuukuu ana hadithi ya vita, kwa sababu hadithi inapandisha bei. Nimeongea na fundi mmoja mzee wa Nyakato aliyezeeka na magari haya, akanipa njia za kulihoji gari lenyewe.

Ya kwanza ni namba ya chasisi. Imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye mkono wa chasisi unaoshika springi, na tena iko kwenye kibao kidogo ndani ya gari. Isuguliwe kwa brashi ya waya na isomwe. Ikianza na herufi SAL, gari hilo limetengenezwa baada ya vita kwisha, na hadithi ya Kampala inaishia hapo. Land Rover zile za Series III, yaani toleo la tatu, zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, kwa hiyo kuwa la zamani hakutoshi. Kule Uingereza, British Motor Museum ya Gaydon inatunza daftari za kiwanda, na kwa malipo hutoa cheti kinachoeleza gari lilitoka kiwandani lini, likiwa na rangi gani, na lilipelekwa wapi.

Ya pili ni rangi. Nyuma ya dashibodi na chini ya viti, mahali ambapo jua na brashi za watu havikufika, asugue kwa msasa laini kidogokidogo, eneo la ukubwa wa sarafu, aone tabaka moja baada ya lingine. Gari lililokuwa jeshini huwa na kijani cha jeshi mahali fulani humo. Lisilonacho popote lilikuwa la mtu mwingine. Hata hivyo asikate tamaa haraka: mwaka 1978 na 1979 serikali ilichukua malori, mabasi na magari mengine ya raia na mashirika kwa ajili ya vita, kwa hiyo gari la bwana shamba nalo lingeweza kuvuka Mto Kagera pale Kyaka kwenda vitani. Hilo vyuma havitasema. Watasema watu, na karatasi.

Na karatasi ndilo jambo ninalotaka ulisimamie wewe, kwa sababu wewe ndiye mfanyabiashara. Yuko wapi mwenye kadi ya gari? Kama lilikuwa mali ya serikali, iko wapi hati ya mnada? Kuna mkataba wa mauziano wenye shahidi? Umiliki umehamishwa TRA? Kama majibu ni “nitashughulikia”, basi hakuna chasisi ya kuchomelea bado. Mtu anaweza kumaliza miaka mitatu kwenye gari, likawaka, likang'aa, mwenye kadi akaja kulichukua.

Karatasi zikikaa sawa, ndipo mkatazame chasisi yenyewe, na msitazame na fundi yuleyule anayetaka kulipwa kuichomelea. Nendeni SIDO Nyakato mkatafute mwingine, mumlipe nauli na soda, aje na nyundo ndogo. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa sababu lilipobuniwa chuma kilikuwa cha mgawo kule Uingereza baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima juu na chini limekwisha. Chasisi ni chuma chenye uwazi ndani, maji na tope hukaa humo, inaoza kuanzia ndani. Fundi agonge mwendo wote: palipo pazima panalia kwa sauti kali, palipooza sauti inakufa na nyundo inaacha bonde. Asisahau boriti ya nyuma kabisa, vishikio vya springi, na ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva, hasa pembe zake za chini. Penye aluminiamu iliyofungwa moja kwa moja na chuma mtaona unga mweupe. Hapo vimeanza kulana.

Kama ubovu uko nyuma na kwenye vishikio tu, mchomeleaji mzuri atakata mpaka afike kwenye chuma kizima na kuziba kwa bati nene, na gari litadumu. Kama boriti zote mbili ndefu zimelainika, viraka ni kumwaga pesa. Chasisi mpya zilizochovywa zinki bado zinatengenezwa Uingereza, lakini kuinunua na kuisafirisha hadi Mwanza si pesa ya kikoba kimoja. Ikifikia hapo ningemwambia mumeo aliweke gari kwenye matofali chini ya turubai, akusanye taratibu kwa miaka, au ampe mtu mwingine anayetengeneza kama hilo.

Kuhusu injini sikubaliani na fundi wenu, ingawa namwelewa. Spea za Toyota ziko kila kona, za Land Rover anazitafuta kwa simu. Anayetaka gari la kubebea dagaa, na aweke Toyota. Anayetaka kuhifadhi gari la zamani akitoa injini ametoa nusu ya alichokuwa anahifadhi. Ile ya lita 2.25 ni injini ngumu, haina mambo mengi, na kama bloku haijapasuka na shafti inazunguka, hutengenezwa kidogokidogo kadiri pesa inavyopatikana. Hata akishindwa akaweka nyingine, ya kwanza apake oili, aifunge, aitunze stoo na namba yake. Asiunganishe betri kabla ya kujua umeme wa gari lake. Yaliyokuwa ya jeshi na kufungwa redio yalitumia volti 24, si 12, na yale ya zamani, hadi miaka ya sitini, waya wa kwenye bodi ulikuwa wa chanya. Akikosea ataunguza nyaya alizohangaika nazo mwaka mzima.

Na mambo ya kuua. Tangi la mafuta kwenye mengi ya magari haya liko chini ya kiti cha mbele. Litolewe kabisa, likae mbali, kabla ya cheche yoyote ya welding. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke. Magurudumu ya jeshi wakati mwingine rimu yake ni vipande viwili vilivyofungwa kwa boliti kuzunguka. Boliti hizo zisilegezwe hata moja kabla upepo haujatolewa wote na moyo wa valvu kuchomolewa, maana kipande kikiruka kinakata kichwa cha mtu. Vumbi la breki za zamani lina asbesto. Lilowekwe maji, lisipulizwe. Zile saa za dashibodi zenye rangi inayong'aa gizani asizikwangue. Za jeshi la zamani nyingi zilipakwa radiamu, na vumbi lake likiingia mwilini halitoki. Watoto wasiwepo uani siku za kazi. Hili si la kujadiliana.

Sasa baba mkwe.

Mwanangu, mzee hakuchoka na safari. Wewe umeona vizuri.

Mumeo anafundisha darasani kwamba Amin aliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kwamba daraja la Kyaka lililipuliwa, kwamba Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Nina hakika anafundisha hata kwamba vita ilifika hapahapa Mwanza, Machi 1979, ndege ya Libya ilipotaka bohari la mafuta ikakosa, mabomu yakaua wanyama kisiwani Saanane. Yote hayo anayo kwenye daftari. Ambacho hana ni neno hata moja la baba yake. Soma barua yako tena: hakuna mahali ulipoandika kwamba mzee aliwahi kuwasimulia. Nadhani mumeo ananunua madumu, kofia na turubai akitafuta mlango wa kuingilia kwenye ukimya huo, na labda yeye mwenyewe hajui. Ni mapenzi makubwa. Lakini kumshtukiza mtu aliyetoka vitani kwa gari la vitani, kijana wake akiwa amevaa kombati mbele yake, si zawadi. Hujui mzee alimwona nani akishuka kwenye gari kama lile, na nani hakushuka.

Wewe usimuulize. Katika nyumba ya Wasukuma mkwe hamhoji baba mkwe, na hata nje ya Usukuma si pahali pako. Pitia kwa wifi yako wa Igoma, mwambie tu kwamba mlisikitika mzee alipoondoka na mngependa kujua anaendeleaje. Wifi anaweza kuwa anajua zaidi yenu. Baadaye mumeo aende Magu peke yake, bila picha za gari kwenye simu. Akae na baba yake siku nzima, wale, watembelee mifugo. Amwombe radhi kwa kumshtua. Akiona mzee ametulia, amuulize swali ambalo anaweza kulikataa bila aibu: “Baba, lile gari ungependa nilifanyeje?” Kisha anyamaze. Mwalimu kunyamaza ni kazi, lakini anyamaze. Mzee akisimulia, asitoe kalamu siku hiyo. Akisema hataki kuliona, basi lisiwe la vita tena. Lipakwe rangi nyingine, liwe gari la zamani la kawaida, na mzee asilikute uani akija. Kijani kilichokolea ambacho Land Rover za raia zilitoka nacho kiwandani ni kizuri na hakina jeshi ndani yake. Na kama mzee atasema “lilete nilione”, mtalia wote wawili, na hapo mumeo atajua gari lilifika wapi kwa mdomo wa mtu aliyekuwepo.

Tarehe 25 Julai waiache ipite. Mzee akitaka kwenda kuwakumbuka wenzake, au siku moja afike Kaboya kule Muleba walikozikwa, aende kwa basi na mwanawe pembeni yake.

Fungu lako la kikoba ni la ada. Mwambie hivyo bila ugomvi, ukiwa umeshamsaidia kumaliza la kisanduku. Kwa gari tengeni kiasi kidogo kila mwezi kutoka mshahara wake, mkiandike kwenye daftari mnaloliona wote wawili, na akitaka zaidi auze baadhi ya hayo madumu. Shilingi ya kwanza ya chasisi isitoke mpaka kadi ya gari na majibu ya yule fundi wa pili viwe mezani, nawe umevisoma.

Shangazi